Daftari la mwethya: orodha, maajenti na kosa langu Kilungu

Nimekuwa kimya kwa muda mrefu, na wengine mmeniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Kuna kosa nililofanya ambalo nilitaka kulielewa vizuri kabla ya kulisimulia, na leo nadhani nimelielewa. Linahusu programu, linahusu mama yangu, na linahusu mlima mmoja kule kwetu Kilungu. Habari yenyewe ni ndefu kidogo, kwa hiyo ukiwa na chai isogeze karibu.

Kwa wasiokujua kwetu: ukitoka Nairobi kwa barabara ya Mombasa, ukifika Salama unaiacha barabara kuu na kupanda milima hadi Nunguni. Watu wakisikia Makueni hufikiria joto, vumbi na maembe. Kilungu si hivyo. Mwezi wa Julai asubuhi kuna ukungu na baridi ya kuvaa sweta mbili. Mashamba yako kwenye miteremko mikali, mengine ukiteleza unasimama kwa jirani. Mvua ikinyesha kwa nguvu, udongo nao unasafiri kwa njia hiyo hiyo.

Dawa ya udongo kusafiri ni matuta ya fanya juu. Unachimba mtaro kukata mteremko, ukifuata usawa wa ardhi, na udongo unaotoa unautupa upande wa juu wa mtaro (ndiyo maana yanaitwa fanya juu). Juu ya tuta unapanda majani ya kulisha ng'ombe ili mizizi ishike. Misimu ikipita, udongo unajikusanya nyuma ya tuta na shamba linaanza kuwa kama ngazi. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki waliandika kitabu kizima kuhusu jambo hili mwaka 1994. Walionyesha kwamba katika Machakos ya zamani, ambayo Makueni ilikuwa ndani yake hadi 1992, idadi ya watu iliongezeka zaidi ya mara tano kati ya miaka ya 1930 na 1990, na bado mmomonyoko wa udongo ukapungua. Wataalamu wengi wa zamani walikuwa wametabiri kinyume chake.

Lakini tuta halijichimbi. Mtu mmoja na jembe lake atachimba mwezi mzima na mgongo utamkatika. Kwa hiyo watu huungana. Kwa Kikamba kikundi cha namna hiyo huitwa mwethya. Leo wote wanachimba kwako, kesho kutwa wote wanachimba kwangu, na kuna daftari linaloonyesha zamu ya nani imefika.

Mama yangu ni katibu wa kikundi kimoja cha mwethya. Jina la kikundi sitalitaja, maana wenyewe hawakuniomba niwatangaze. Kuna miji 22 ndani yake, nikimaanisha nyumba na shamba lake, ile tunayoiita musyi. Wanachimba asubuhi mbili kwa wiki, na kila mji unapata asubuhi zake mbili zamu yake ikifika. Wanaanza mapema Julai na kuacha katikati ya Oktoba, kwa sababu hapo kila mtu anarudi kwake kutayarisha shamba kabla ya mvua. Ukihesabu ni wiki 15 hivi. Wiki 15, miji 15. Miji 22 haitoshei. Kumbuka hesabu hiyo, tutairudia.

Mwaka 2023 mvua ya Oktoba hadi Desemba ilikuwa ile ya El Niño. Hakuna aliyeisahau. Kwetu maji yalitoka kwenye shamba moja la juu, karibu na kilele, yakavunja matuta ya miji minne iliyo chini yake. Mmojawapo ni wa mama yangu. Wenye mashamba ya chini wakakasirika. Wakasema yule mama wa juu (ni mjane, anaishi na wajukuu) hatunzi shamba lake na anawatupia maji. Yeye akajibu kwamba atalitunza vipi, ilhali tangu ajiunge na mwethya hajawahi kufikiwa na zamu. Kikundi kikaanza kugawanyika, wa juu huku na wa chini kule. Wengine wakaacha kutoa mchango.

Hapo ndipo mimi, kijana wa kompyuta, nilipojitokeza.

Wakati huo nilikuwa nikicheza na NetLogo. Kama huifahamu, ni lugha na programu ya kuunda modeli za maajenti, iliyotungwa na Uri Wilensky mwaka 1999, na ni ya bure. Modeli ya maajenti ni hivi: badala ya kuandika fomula moja ya jamii nzima, unaunda viumbe vidogo vingi, kila kimoja na hali yake na kanuni zake, unaviachia viishi pamoja, kisha unatazama nini kinatokea. Ajenti hapa si yule wa M-Pesa. Ni kiumbe ndani ya programu kinachoweza kutenda jambo. NetLogo inawaita maajenti wanaotembea kobe, jina lililorithiwa kutoka kwa lugha ya Logo ya akina Seymour Papert, iliyoanza mwaka 1967 na baadaye ikawa na roboti ya kuchora iliyoitwa kobe.

Nikawaza, mwethya si modeli ya maajenti tayari? Wanachama 22, kila mmoja ana shamba, ana mteremko, ana matuta yanayochakaa kila mvua. Swali la kikundi lilikuwa rahisi kulitamka: je, daftari letu lina upendeleo, au ni bahati mbaya ya mvua tu? Nikamwambia mama nitawaletea jibu. Nilijisikia vizuri sana siku hiyo.

Nikaandika msimbo jioni mbili. Kiini chake kilikuwa mstari huu:

ask wanachama [ chimba ]

Maana yake, waambie wanachama wote watekeleze amri inayoitwa chimba. Ndani ya chimba niliandika kwamba, ikiwa wiki bado zipo, mwanachama anatumia wiki moja na matuta yake yanatengenezwa. Ikiwa wiki zimeisha, anakosa. Kila mwaka wiki zinaanza tena kuwa 15. Nikaendesha miaka 10. Nikarudia mara 200 nikachukua wastani, kwa sababu nilikuwa nimesoma kwamba modeli yenye bahati ndani yake haiendeshwi mara moja tu. Nikachora nguzo 22, nguzo moja kwa kila mwanachama.

Nguzo zote zilikuwa sawa. Kila mwanachama alipata zamu kama 6.8 katika miaka 10. Hakuna wa juu wala wa chini.

Februari 2024 nikaenda nyumbani na kompyuta yangu ya mkononi. Mkutano ulikuwa chini ya mparachichi nyuma ya nyumba yetu. Nikafungua mchoro, nikaeleza kwa Kikamba kadiri nilivyoweza, na nikamaliza kwa kusema kwamba daftari halina kosa, kila mtu anapata sawa na mwenzake baada ya muda, na tatizo ni mvua. Wazee wakatikisa kichwa kukubali. Mmoja akasema sasa mashine imesema, tuache kelele. Yule mama wa juu hakusema neno. Alichukua kikapu chake akaondoka polepole kabla ya sala ya kufunga.

Jioni nilikuwa jikoni na mama. Alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo, na alikaa kimya kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Mwanangu," akaniuliza, "huko ndani ya kompyuta yako, wa kwanza ni nani?"

Nikamwambia, "Mwaitu, hakuna wa kwanza. Wote ni sawa."

"Basi hao si sisi," akasema. "Sisi tuna wa kwanza. Niliandika mwenyewe."

Akaingia chumbani akatoka na madaftari matano, yale ya kurasa 48 ya shule, yamefungwa kwa uzi. Daftari moja kwa kila mwaka. Kila Julai mama hununua daftari jipya, anafungua la mwaka uliopita, na ananakili majina jinsi yalivyo, kuanzia la kwanza. Namba moja ni mwenyekiti wa zamani. Namba tatu ni mama yangu. Yule mama wa juu ni namba 20, kwa sababu alijiunga alipoolewa kwa mara ya pili huko juu na jina lake likawekwa chini ya wengine. Na kila mwaka kazi huanza namba moja. Na kila mwaka Oktoba inawakuta wako namba 15.

Sikulala vizuri usiku huo. Nilifungua msimbo na kosa nikaliona mara moja, kama vile limekuwa likinisubiri. Katika NetLogo, kundi la maajenti halina mpangilio. Amri ya ask inalipitia kundi kwa kubahatisha, na kila ukiita inabahatisha upya. Hii si hitilafu ya lugha. Imefanywa makusudi, ili kobe namba 0 asiwe na faida ya kutangulia siku zote bila mwandishi kujua. Mwongozo unaeleza wazi. Mimi niliusoma na nikauona ni jambo zuri na la haki, nikaendelea.

Kwa hiyo modeli yangu ilikuwa inapiga kura kila Julai. Kila mwanachama alikuwa na nafasi 15 kati ya 22 kila mwaka, na kwa miaka 10 hiyo inakupa zamu 6.8. Ilikuwa modeli sahihi kabisa ya kikundi kisichokuwepo. Nilijiuliza swali kuhusu upendeleo wa mpangilio, kisha nikatumia chombo ambacho kazi yake ni kuufuta mpangilio, halafu nikatangaza mbele ya watu kwamba upendeleo haupo.

Na tazama jinsi wastani ulivyonificha. Ukianza namba moja kila mwaka, miji 15 ya kwanza inapata zamu 10 katika miaka 10, na miji 7 ya mwisho inapata sifuri. Jumla ni zamu 150. Ukigawanya kwa 22 unapata 6.8. Ni namba ile ile! Kikundi cha kura na kikundi cha daftari vina wastani mmoja. Ningeuliza tu kwa wastani wa kikundi kizima, nisingeona tofauti hata nikikodolea macho mwaka mzima. Hata ule wa kura si sawa kwa sawa kama nilivyodai. Ukiuendesha mara moja tu, mji mmoja waweza kupata zamu 4 na mwingine 9. Kurudia mara 200 na kuchukua wastani kulisawazisha hata hilo. Watu wa Kilungu hawaishi mara 200.

Suluhisho la msimbo ni orodha. Orodha inakumbuka nani yuko mbele ya nani. Unaweza kuipitia kwa amri ya foreach, na itakwenda kutoka mwanzo hadi mwisho bila kubahatisha. Unaweza kumchukua wa kwanza, na unaweza kuchukua wote isipokuwa wa kwanza. Lakini kuna mtego unaowanasa wengi wanaotoka lugha nyingine: amri za orodha katika NetLogo hazibadilishi orodha uliyonayo. Zinakupa orodha mpya. Ukisahau kuihifadhi, umefanya kazi bure. Nikaliita daftari langu daftari, na mstari wa kumpeleka aliyehudumiwa mwisho wa foleni ukawa huu:

set daftari lput first daftari but-first daftari

Usome hivi: daftari liwe daftari jipya, ambalo ni wote isipokuwa wa kwanza, kisha wa kwanza anawekwa mwishoni. Mstari mmoja. Nilimtafsiria mama na akacheka. Akasema hata yeye angeweza kuufanya kwa kalamu, kama kuna mtu angemwambia mapema.

Nikaendesha modeli kwa njia mbili. Ya kwanza, kuanza namba moja kila Julai, kama ilivyokuwa. Nguzo 15 ndefu na nafasi saba tupu. Ya pili, kuendelea pale tulipoachia. Katika miaka 10 miji 18 inapata zamu 7 na miji minne inapata 6. Hakuna kubahatisha, na hakuna anayezidiwa kwa zaidi ya zamu moja.

Kabla hujanicheka sana, jua kwamba wakubwa pia wamewahi kuteleza karibu na hapa. Mwaka 1992 Martin Nowak na Robert May walichapisha modeli mashuhuri ya wachezaji kwenye mraba, wengine wenye kushirikiana na wengine wasaliti, na ushirikiano ukadumu ukichora maumbo ya kupendeza. Mwaka 1993 Bernardo Huberman na Natalie Glance wakaonyesha kwamba matokeo hayo yalitegemea wachezaji wote kubadilika kwa wakati mmoja, kama wanaofuata kengele moja. Walipowaacha wabadilike mmoja mmoja bila kungoja kengele, ushirikiano ule uliporomoka. Nowak na May walijibu, mjadala ukaendelea, lakini somo lilibaki: nani anatangulia kutenda si jambo la karani tu. Ni sehemu ya nadharia yako, hata kama hukujua umeiandika.

Basi nikarudi kwenye suala la maji. Modeli ya kwanza ilimtazama kila mwanachama peke yake. Sasa nikampa kila mmoja jirani wa chini, na nikaandika kwamba shamba lisilo na matuta linamtupia jirani wa chini maji yake, na maji hayo yanavunja kazi mpya. Hapo picha ikawa mbaya zaidi. Kwa kuanza namba moja kila mwaka, kikundi kilikuwa kinatengeneza matuta ya chini, kinamruka wa juu, maji ya wa juu yanashuka yanavunja ya chini, na Julai inayofuata wanatengeneza tena yale yale. Namba tatu (mama yangu) alikuwa anapata zamu kila mwaka, na kila mwaka mzito wa mvua alikuwa anapoteza sehemu yake kwa sababu namba 20 hajafikiwa. Walikuwa wanamlaumu mjane kwa maji ambayo daftari lenyewe lilikuwa linayashusha.

Nikapanga orodha kwa urefu wa mlima, wa juu kabisa kwanza, kwa amri ya sort-on. Kwa udongo hiyo ndiyo njia bora zaidi ya zote tatu. Nikafurahi tena. Hamjui furaha ya mpanga programu akiona mchoro umelala vizuri.

Lakini safari hii sikukimbilia mkutanoni. Nilienda kwanza kwa yule mama wa juu, peke yangu. Nikamwambia kwamba nilikosea, na nikaeleza nilivyokosea. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni. Kisha akasema, "Mimi sikujua kama kompyuta inaweza kukosa. Lakini nilijua mimi ni namba 20. Hilo halikuhitaji kompyuta." Nikasema pole. Akaniambia wengine walifikiri nimeletwa na mama yangu kuja kumtetea, kwa kuwa daftari ni lake. Hilo lilinichoma kuliko lile kosa lenyewe, maana ukilitazama kutoka mlangoni kwake, ndivyo hasa ilivyoonekana. Mtoto wa katibu amekuja na mashine inayosema katibu hana kosa.

Nilipomweleza mama, alikaa kitako kwenye kigoda. "Ulinitetea bila kuniuliza," akasema. "Ungeniuliza ningekwambia nilikuwa nanakili tu."

Mkutano wa pili ulikuwa Aprili 2024. Mama ndiye aliyeongea kwanza, akasema mbele ya wote kwamba miaka mitano amekuwa akianza na namba moja kwa mazoea, si kwa kanuni ya kikundi. Mimi nikaonyesha michoro mitatu. Nikapendekeza ule wa tatu, wa kuanza kilele na kushuka.

Wakakataa. Mzee mmoja wa bondeni aliuliza, "Ukipanga kwa mlima, sisi wa chini tutakuwa wa mwisho hadi lini?" Na kweli, ukipanga kwa urefu wa mlima kila mwaka, umebadilisha tu majina ya wale saba. Mlima hauhami. Mama mmoja akaongeza jambo ambalo sikulitarajia. Akasema matuta ya lazima, yale ya wakati wa mkoloni, yalipangwa na mtu kutoka nje aliyejua mlima vizuri kuliko alivyowajua wao, na watu walichimba kwa sababu ya chifu, si kwa sababu ya shamba. Hawataki daftari ambalo hawawezi kulieleza wenyewe kwa wajukuu wao.

Wakachagua kuendelea pale walipoachia. Julai 2024 walianza namba 16. Mama wa juu, namba 20, alifikiwa wiki ya tano. Baada ya namba 22 wakarudi kwa namba moja, na Oktoba ikawakuta namba nane. Mwaka 2025 wakaanza namba tisa na kumalizia namba moja. Si njia bora zaidi kwa udongo. Ni njia ambayo kila mtu anaweza kuikagua kwa kidole.

Nilifikiria sana kuhusu uamuzi huo, na nikakumbuka kazi ya Stephen Lansing na James Kremer kule Bali, waliyoichapisha mwaka 1993. Waliunda modeli ya wakulima wa mpunga wanaogawana maji, na wakaonyesha kwamba ratiba za mahekalu ya maji, ambazo wataalamu wa kilimo walizidharau, zilikuwa zinapatanisha maji na wadudu kwa namna nzuri. Modeli nzuri mara nyingine kazi yake ni kutuonyesha kwamba utaratibu wa wenyeji una akili ndani yake. Kwetu ilikuwa nusu kwa nusu. Utaratibu ulikuwa na kosa, ila waliojua kulirekebisha bila kuvunja kikundi hawakuwa mimi.

Bado kuna jambo moja, na hili ndilo lililonifanya niketi kuandika.

Mapema 2025 namba 11 alifariki. Alikuwa rafiki wa mama tangu ujana. Baada ya mazishi nilirudi kwenye modeli, nikaamua kuongeza kifo, kwa sababu nilitaka kuona miaka 20 mbele na miaka 20 haipiti bila vifo. Nikaendesha. Programu ikasimama na ujumbe wa kosa: yule kobe niliyemwita amekufa.

Hii ndiyo tofauti nyingine kati ya kundi na orodha. Ajenti akifa, kundi linamruka kimyakimya. Huulizwi, huambiwi, namba inapungua tu. Orodha haifanyi hivyo. Orodha inashikilia nafasi yake, na zamu ikifika unapomwita, inakuambia hayupo na inakataa kuendelea mpaka uamue utafanya nini. Watu wengi huona hilo ni usumbufu. Wanaandika mstari wa kuwaondoa waliokufa kabla ya kila mzunguko, na kazi inaendelea. Mimi pia nilishaanza kuuandika.

Nikasita, nikampigia mama simu. Nikamuuliza, "Mwaitu, namba 11 mmemfuta?"

Akanyamaza kidogo. Akasema, "Kumfuta kwa nini? Mkaza mwanawe yuko. Shamba liko. Zamu si ya mtu, ni ya musyi."

Kwa hiyo ajenti wangu tangu mwanzo alikuwa si yeye. Nilikuwa nimewaunda wanachama, na daftari la mama ni la miji. Mtu anazaliwa, anaolewa, anakufa. Mji unabaki kwenye mstari wake, na anayeshika jembe anabadilika. Nikafuta neno wanachama kila mahali nikaandika misyi. Watu nikawaweka ndani ya mji kama hali yake. Ule ujumbe wa kosa haukurudi tena, na sikuhitaji mstari wa kuwaondoa waliokufa.

Kwa wale wanaoanza kuunda modeli za maajenti, nina mambo matatu ya kuwaachia. Kwanza, kabla ya kuandika ask, jiulize kama hao unaowaiga wanapiga kura au wanafuata foleni. Ikiwa ni foleni, tumia orodha, na uliza foleni inaanzia wapi kila mara. Pili, usiridhike na wastani. Chora kila ajenti peke yake, hasa wa mwisho. Tatu, mtu mwenye daftari anajua ajenti wako ni nani kuliko wewe. Muulize kabla ya kuandika, si baada ya mkutano.

Kama modeli ya pili ni sahihi, bado sijapata ushahidi wa kutosha. Kwetu mvua ya mwishoni mwa 2024 ilikuwa haba, na matuta hayawezi kujaribiwa na jua. Tunangoja mwaka mzito. Mama anasema hana haraka nao.

Haya, kwa leo naishia hapa. Nikijaliwa, wakati mwingine nitaandika jinsi ya kuhifadhi mbegu ya namba za kubahatisha ili modeli yako iweze kurudiwa na mtu mwingine. Kwaherini.